Betri Zilizovuka Rovuma

Vijana wangu, mimi mtu mzima, mwenye mke, mwenye ndevu, mwenye cheti cha darasa la kumi cha shule ya jioni kilichopigwa mhuri wa serikali, niliwahi kuamini kwa moyo safi kabisa kwamba mto Rovuma unanyonya betri.

Sisemi unaziangusha wala unazilowesha. Unazinyonya. Habari hiyo niliipata Nhica, upande wetu wa Msumbiji, mwaka ule tuliporudi makwetu baada ya vita, kwa muuza miwa wa pale kivukoni, na ilikuwa hivi: betri ikilazwa chini ndani ya mtumbwi, kati yake na maji kuna unene wa ubao tu, na maji ya Rovuma yana kiu ya umeme tangu yalipoumbwa. Betri inaondoka upande wa Tanzania imeshiba, inafika upande wetu ganda. Ndiyo maana, alisema yule bwana huku akinimenyea muwa, siku hizi kambale wa pale katikati wanawaka.

Mimi sijawahi kupokea uvumi nikauachia jinsi ulivyokuja. Nilipofika kwetu Palma, kambale mmoja alikwisha kuwa mtaa mzima wa kambale. Niliwasimulia watu kwamba chini ya mto ule kuna mji, njia zake zimenyooka, kila mlango una taa yake, na umeme haukatiki kamwe, maana kila wiki tunawapelekea sisi wenyewe. Nilisimulia mpaka nikaanza kuuona. Hata leo nikifumba macho baada ya chakula cha mchana nauona: mwanga wa manjano unapepea chini ya maji, na kambale mzee mwenye sharubu amekaa kizingitini kwake anasoma gazeti.

Nimestaafu sasa. Nakaa barazani kwangu, magari yanapita, na mimi nayasikiliza. Masikio yangu yamebaki kazini. Lori likiwashwa kule sokoni, najua betri yake ina umri gani, imefungwa vizuri au inaruka, na mwenye lori amelala na mkewe kwa amani au wamegombana. Hili la mwisho nakisia, lakini sikosei sana. Na kila wiki kijana mmoja ananijia na swali lilelile: “Mzee Sele, ninunue betri gani?” Anataka nimtajie jina, aende dukani akalitamke, mambo yaishe. Jina sitaji. Namwambia akae, anywe chai, anisikilize, na yeye anaondoka kabla ya kikombe cha pili. Basi nimeona niandike. Karatasi haiagi.

Aliyenifundisha kazi ni Mestre Bacar, mestre yaani fundi mkuu kwa Kireno, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vilivyoliwa na asidi mpaka havina alama. Polisi wangemtafuta kwa alama za vidole wangezeeka. Karakana yake ilikuwa mabati manne na kivuli kingi. Siku yangu ya kwanza aliletewa gari la porini, jipi refu la mfanyabiashara wa mbao, halina hata pumzi ya kuwashia taa ya ndani. Nikasema kwa haraka ya ujana:

“Mestre, betri imekufa.”

“Umeiosha? Umeivika sanda?”

“Bado, mestre.”

“Basi usimzike mtu hujamshika mkono.”

Akafuata waya mweusi kwa kidole, kutoka kwenye betri mpaka pale unapofungwa kwenye chesisi. Pale kwenye nati palikuwa na unga wa kijani, mchanga na chumvi ya bahari, unene wa mkate. Akakwangua kwa kisu, akafunga, akapaka grisi, gari likaitikia mara moja. Toka siku hiyo sijamnunulia mtu betri kabla sijafanya mambo matatu: kufuata waya zote mbili kwa mkono mpaka mwisho wake, kubonyeza mkanda wa feni nione kama umelegea, na kupima kama alteneta inarudisha umeme injini ikinguruma. Nusu ya betri zinazotupwa katika pwani hii ni nzima. Pengine ni zaidi ya nusu. Ukizipanga mstari zinafika Pemba, ule mji wetu wa kusini.

Wala msidhani nilikuwa mwanafunzi wa kujivunia. Mwaka huohuo Mestre Bacar aliniambia niongeze maji kwenye betri ya trekta, akaenda kuswali. Maji ya betri yalikuwa yamekwisha. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hilo nililijua, na chumvi ni sumu kwa betri, hilo pia nililijua. Nikakaa nikafikiri kwa kina: ni maji gani duniani ambayo hayajaguswa na mkono wa mtu wala chumvi ya ardhi? Nikapanda mnazi. Nikaangua madafu mawili, nikaijaza betri kila tundu, kwa uangalifu mkubwa, bila kumwaga tone.

Mestre Bacar alirudi akakuta betri inatoa povu. Akaiangalia. Akaniangalia. Akainusa.

“Sele, mwanangu, umeipikia uji?”

“Ni dafu, mestre. Safi.”

“Na nyama yake umeiweka wapi? Au ndiyo ya daku?”

Karakana ilinuka harusi kwa siku tatu. Betri ile haikuamka tena, lakini nzi wote wa Palma walihudhuria. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema betri inataka maji, mjue yanayotakiwa ni yale ya chupa yaliyochujwa kwa ajili yake, na hayo yakikosekana, isubiri.

Zama zile betri zilikuja kavu. Hili mlishike, maana nyinyi hamkuliona. Betri ilifika dukani ikiwa tupu ndani, plate zake, yaani mabamba ya madini ya risasi, zimelala kwenye giza, na asidi ilikuja peke yake katika chupa yake ya plastiki. Hata ikikaa dukani mwaka, miwili, haikuwa na neno, maana ilikuwa haijazaliwa. Siku ya kuuzwa ndipo Mestre Bacar alipoifungua vifuniko sita na kumimina polepole, akiimba puani. Na betri ilianza kupata joto. Nilikuwa naiwekea kiganja ubavuni, naihisi inaamka, inapumua vibubujiko vidogo, na mimi nasinzia palepale nimeikumbatia, mchana, harufu kali inapanda puani, nje minazi inasugua mabati. Sikumbuki saa tamu kuliko zile. Kwa mazoea yale, kichwani mwangu betri ilikuwa na umri wa siku moja tu: siku niliyoitia asidi.

Baadaye zikaanza kuja zilizokwisha kujazwa kiwandani, nyingine zimezibwa kabisa. Sikujali. Palma ilikuwa imejaa magari ya makampuni, betri ilikuwa haimalizi siku mbili dukani. Halafu vita vikaingia, tukakimbia, kila mtu na njia yake. Halafu, alhamdulillahi, tukarudi.

Sasa ingia Bi Mwanacha.

Huyu mama alikuwa mmoja wa waliohamishiwa kijiji cha Quitunda zamani, ile ardhi ya pwani ilipotakiwa kwa ajili ya gesi. Akapewa nyumba ya matofali na shamba, na bahari ikabaki mbali. “Nyumba nzuri,” alikuwa akisema, “lakini haina pweza.” Tuliporudi alinunua lori kuukuu la porini, la magurudumu yote kuvuta, rangi ya kijani iliyofifia mpaka imekuwa rangi ya kitu kinachokumbukwa. Kila maji ya bahari yanapotoka, alilipakia wanawake wa Quitunda na ndoo zao, akawapeleka pwani kuokota chaza na kutafuta pweza, akawarudisha. Siku nyingine lilikwenda Quionga kuchukua nazi. Bila lori lile, wanawake wale wangetembea nusu siku wakute bahari imekwisha kujaa.

Na lori likaanza kugoma.

Lori la namna ile linataka volti ishirini na nne, yaani betri mbili za kumi na mbili zilizounganishwa, watu wawili wanaobeba kitanda kimoja. Mmoja akiwa mgonjwa, mwenzake anabeba kitanda na mgonjwa. Kwa hiyo hununui moja. Akija mtu kuniambia, “Mzee Sele, nibadilishie ile mbovu tu,” namfukuza kwa heshima. Zote mbili, za namna moja, siku moja.

Betri hatukuwa nazo Palma wakati ule. Zilikuwa ng'ambo, upande wa Mtwara, kwa mfanyabiashara mmoja ambaye kabla hatujakimbia ndiye aliyetuletea. Tukaagiza mbili. Zikaletwa mpaka ukingoni, zikavushwa na mvushaji wa Nhica aitwaye Nfaume, zikapandishwa pikipiki, zikanifikia. Nikazifunga kwa mikono yangu. Lori likawaka, wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Baada ya siku kumi na mbili: tk. Hiyo tu. Tk. Wanawake wamekwisha kupanda, ndoo zimekwisha kupangwa, maji yanatoka kule pwani.

“Fundi,” akaniita mmoja kutoka juu, “tushuke tusukume, au tushuke tulime hapahapa?”

“Mwacheni,” akasema mwingine, “lori linavuta pumzi.”

“Linavuta? Limekata!”

Bi Mwanacha hakucheka. Alikaa kwenye usukani ametazama mbele. Kisha akaniuliza polepole, “Fundi Sele, betri mpya zinakufaje?”

Hapo ndipo penye kosa langu, vijana, na si kosa la mikono. Nilikuwa na uvumi wa muuza miwa mfukoni, na juu yake nilikuwa na elimu. Maana shule ya jioni, mwalimu wetu alitufundisha wazi, na akachora ubaoni, kwamba maji hupitisha umeme. Niliunganisha elimu na muwa, nikapata jibu. Ijumaa ile baada ya swala, pale barazani kwa washona kofia ambapo wanaume wote wa mtaa hukaa, nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema betri zimenyonywa na mto, na aliyezilaza chini ndani ya mtumbwi ni Nfaume.

Sasa Nfaume ni nani? Nfaume ni kaka wa mke wangu, Zainabu. Shemeji yangu wa tumbo moja na mwanamke anayenipikia. Na alikuwepo barazani.

“Shemeji,” akasema, “mimi nalaza mizigo chini tangu sijang'oa meno ya utoto.”

“Betri si muhogo, shemeji. Maji yanapitisha umeme. Hilo limo kitabuni.”

“Kitabu kimeshawahi kuvuka?”

Watu wakacheka, lakini wakanitazama mimi, maana mimi ndiye fundi, mimi ndiye mwenye cheti. Na Nfaume akajua amekwisha.

Haikuchukua mwezi. Wafanyabiashara wakaacha kumpa redio. Kisha simu. Kisha zile paneli za jua. Kisha tochi. Mama mmoja aliishusha cherehani yake kutoka mtumbwi wa Nfaume akaipeleka kwa mvushaji wa pili. Cherehani ya mkono, vijana! Haina hata waya. Nfaume akabaki kuvusha mahindi na watu wasio na simu, na watu wasio na simu siku hizi ni wachanga na marehemu. Wakamwita Mnyonyaji. Nyumbani kwangu Zainabu hakunisema kitu. Alianza tu kunipakulia ukoko. Wali juu ulikuwa mweupe, laini, naona unakwenda kwenye sahani nyingine, na mimi nakwaruza.

Mngedhani ningejiuliza. Sikujiuliza. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo.

Ngoja niseme hapa la kununua, kabla sijasahau, maana nikifika kwenye mashati nitapotea. Ukienda kununua betri ya gari la porini, nenda na kipande cha kamba. Pima sanduku linalokaliwa na betri, urefu, upana, kimo, funga fundo kila pembe. Betri inayopwaya kwenye barabara ya Quionga inajipiga mpaka plate zake zinamomonyoka na kukaa chini tope. Ikazwe kwa chuma chake, na chuma kikipotea, kwa mpira wa ndani wa tairi, lakini ikazwe. Tazama ncha ya chanya iko upande gani; ikija kinyume, waya haufiki, na fundi mvivu atauvuta mpaka uguse bodi, na hapo utaona cheche ambazo hazijawahi kuonekana hata sikukuu. Muuzaji atakuonyesha namba kubwa ya nguvu ya kuwashia kwenye baridi kali. Mwulize, hapa Palma umewahi kuona barafu nje ya friji ya soda? Sisi adui yetu ni joto na mtikiso. Tafuta iliyotengenezwa kwa mashine nzito, na uinyanyue: katika mbili za ukubwa mmoja, chukua ile inayokuumiza mgongo. Risasi nyingi, uzito mwingi. Mestre Bacar alizipima kwa kuzipakata.

Basi. Tukaagiza betri za pili kwa mtu yuleyule, naye akasikitika sana kusikia habari za mto, akatutumia nyingine mbili. Safari hii nikasema, nitazivusha mimi. Kichwani.

Nilivaa shati langu la mahafali, jeupe, la mikono mirefu, kwa sababu ya heshima ya kazi. Nikafika Nhica asubuhi, na mvushaji yule wa pili alipoona ninachotaka kufanya akakataa kunipakia. Waliobaki nao wakakataa. Aliyekubali alikuwa Nfaume.

“Panda, shemeji,” akasema.

Tukavuka tukazifuata ng'ambo. Tulipogeuza, ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mweupe, mnene, huoni mwanzo wala mwisho. Nilisimama katikati ya mtumbwi, betri juu ya kata ya kichwa, uzito wa mbuzi mjamzito. Nfaume alikuwa nyuma yangu na upondo wake, anasukuma.

“Shemeji, kaa chini.”

“Sikai.”

“Utatupindua.”

“Bora tupinduke na umeme wetu.”

Upondo uliingia mchangani, ukatoka, ukadondosha matone, ukaingia tena. Nasema kweli, nilisahau uzito. Mchanga wa katikati ya mto ulipita wenyewe pembeni yetu, bila sisi kwenda. Kiboko alitoa pumzi mahali fulani, karibu au mbali, huwezi kujua. Nikainamisha macho, kichwa hakiinami, nikatazama majini kutafuta taa za mji wangu. Na wallahi niliona kitu cha manjano kinapepea kule chini. Nikafikiri: kumbe wako macho. Nikafikiri: leo hawapati kitu, leo watalala gizani. Na nilipofikiria watoto wa kambale wanaosoma gizani nikawaonea huruma, nikataka kidogo nikae, niwape hata volti moja. Kile cha manjano kilikuwa jua linatoboa ukungu kushoto kwangu.

Nikavuka na moja, tukairudia ya pili. Nilisimama na uzito kichwani mara mbili katika Rovuma nzima, na sijui mtu mwingine aliyefanya hivyo, na sidhani atatokea.

Ilipofika alasiri shati likaanza kufunguka. Asidi haipigi kelele. Ilikuwa imevuja kidogo kwenye kifuniko, ikateremka nyuma ya sikio, mgongoni, kimyakimya, na Zainabu alipolitia shati majini lilitoka wavu. Angeweza kuvulia dagaa. Ngozi yangu iliniwasha wiki nzima. Nyinyi mkishika betri, vaeni kinga ya macho, kuweni na maji mengi karibu, na nguo ya heshima iacheni kabatini.

Betri zile mbili zilikufa siku ya tisa.

Barazani nikasema ni jasho. Nilitokwa na jasho kichwani, na jasho ni maji ya chumvi, nayo yanapitisha umeme zaidi ya ya mtoni. Mshona kofia mmoja akashusha sindano yake akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kushona. Hakuna aliyenipinga, na ndiyo balaa la kuwa fundi mwenye cheti.

Bi Mwanacha akaanza kuwarudishia wanawake nauli zao na kuwaambia watafute usafiri mwingine. Na jioni moja Zainabu akaniwekea sahani, safari hii haina hata ukoko, akakaa mbele yangu.

“Leo kuna mtu ametoka Quionga,” akasema, “ameenda Nhica kutazama mtumbwi wa kaka yangu. Ameugongagonga kila upande. Anaununua wiki ijayo.”

“Anauza mtumbwi?”

“Sasa avushie nini? Jina ulilompa?”

Mtumbwi ule alikuwa ameuchonga na baba yao. Nilikuwepo siku unashushwa majini. Nilikuwa namchumbia Zainabu, nilisukuma nami. Sikulala vizuri. Niliota mto umekauka, na kambale wamesimama foleni mlangoni kwangu wamebeba taa zao, wananirudishia.

Mtauliza kwa nini sikwenda kumwomba radhi. Nilitaka. Lakini ningemwomba radhi ya nini, ikiwa bado niliamini ni kweli? Nilimhurumia tu, na huruma ya mtu aliyekuharibia jina haivushi mahindi.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa barazani, tumetoka kuswali. Nikasikia stata kwa mbali, upande wa njia ya Quitunda. Si tk. Ilikuwa mzunguko mmoja mnene, injini ikashika kabla stata haijamaliza neno. Nikasema kwa sauti, “Hiyo ni jozi mpya, imeshiba, imefungwa sawasawa. Lori la nani hilo?”

Lori likaja, kijani kilichofifia, likasimama mbele yetu. Bi Mwanacha akazima injini. Akawasha tena. Akazima. Akawasha tena. Makusudi, nadhani, kwa ajili yangu. Upande wa abiria akashuka Nfaume, na nyuma wakashuka wanawake wawili wamebeba zile betri nilizozivusha kichwani. Wakaziweka miguuni pangu.

“Asalaam alaykum, wazee,” akasema Nfaume. “Lori hili limefungwa betri mbili nyingine. Nimezitoa Mtwara juzi, dukani kwingine, nimezichagua mwenyewe. Nimezilaza chini ndani ya mtumbwi. Chini kabisa, na mtumbwi wangu unavuja, zimelambwa na maji njia nzima. Bi Mwanacha ni shahidi, tulivuka pamoja.”

“Nilikuwa nimezikalia,” akasema Bi Mwanacha.

Baraza zima likanigeukia.

“Sasa shemeji,” akasema Nfaume, na hakupaza sauti, “wewe ndiye uliyesoma. Tusomee hapa.”

Akanionyesha ukingo wa juu wa ile betri niliyoibeba kichwani. Palikuwa na herufi na namba ndogo, zimechomwa kwenye plastiki, nimezifuta vumbi mara kumi nisizitazame hata mara moja. Nikavaa miwani. Nikasoma mwezi wa kutengenezwa. Nikasoma mwaka.

Kila mtu pale anaujua mwaka ule tuliokimbia, na kila mtu ana mahali pake alipokuwa. Mshona kofia akasema taratibu, “Mwaka huo mimi nilikuwa porini na mama mgongoni.” Mwingine akasema, “Mimi nilikuwa kwa mjomba, Mtwara.” Nikainua ile ya pili nikaisoma. Mwaka uleule. Na zile mbili za mwanzo zilikuwa bado karakanani kwangu. Sikuhitaji kwenda kuzitazama.

Bi Mwanacha akasema mbele ya wote, “Kuanzia leo mizigo yangu yote anavusha Nfaume. Na huyo wa Quionga amekwisha kuambiwa, mtumbwi hauuzwi.”

Mimi nilikuwa nimebaki na miwani puani na betri mapajani. Na vijana, nisiwadanganye, hata hapo bado kambale wangu walikuwa wananing'ang'ania. Nikasema, “Lakini shemeji, huenda safari hii mto ulikuwa umeshiba.”

Nfaume akachuchumaa mbele yangu. Akaniondolea betri mapajani, akaiweka chini mchangani, na akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

“Mto haunyonyi kitu, shemeji. Muuzaji wa juzi alinieleza, betri ikishatiwa asidi inazeeka hata haijatumika, na hizi zilikaa dukani kwa yule bwana tangu tulipokimbia mpaka tuliporudi, bila mtu kuzichaji. Zilikuwa zimekufa kabla sijazigusa.”